Tulisoma robo, tukaruka theluthi



Kuna hesabu moja yenye wengi wetu tunaijua kwa kichwa, hata kama hatukumbuki mahali tuliisoma: katika Beni na Butembo, wakati wa Ebola, mutu mumoja kwa wanne hakuamini kama ugonjwa huo uko kweli. Nimeisikia kwenye mikutano, nimeisikia kwenye redio, nimeisikia hata mezani, kati ya bugali na sombe. Na kila mara, kisha kuitaja, mutu anatingisha kichwa na kusema: "Munaona? Raia betu bangali nyuma."

Hesabu yenyewe si ya uongo. Inatoka katika uchunguzi wenye Patrick Vinck na wenzake walifanya mwezi wa 9 mwaka 2018, wiki chache tu kisha ugonjwa kutangazwa. Waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na matokeo yalitoka mwaka 2019 katika gazeti la waganga, The Lancet Infectious Diseases. Watu 25 na nusu kwa 100 walisema Ebola haiko.

Lakini ndani ya uchunguzi uleule kuna hesabu ya pili. Ni karibu watu 32 kwa 100 tu wenye walisema wanaamini kwamba wakubwa wa pale kwao wanatetea faida ya raia. Sema vile unataka: kwa watu watatu, wawili hawakuwa na ile imani. Tena waandishi waliunga zile hesabu mbili pamoja na mwenendo wa watu: mutu mwenye hana imani na wakubwa, ao mwenye ameamini uvumi, alikuwa mugumu zaidi kukubali chanjo na kufuata mashauri ya kujikinga.

Hesabu ya kwanza ilitembea inchi nzima. Ya pili ilibaki ndani ya gazeti. Leo sitaki kukosoa uchunguzi kwanza. Nataka kukosoa wasomaji wake, ni kusema sisi. Tulisoma robo yenye inasema raia wamekosea, tukaruka theluthi yenye inasema Leta na wakubwa wamekosea. Na kwa kusoma vile, tulipanua ufa wenye tunalia juu yake kila siku.

Tuanze na neno. Katika riposti (njo jina tulizoea kuita kazi yote ya kupambana na Ebola) kulikuwa neno lenye lilirudi asubuhi na jioni: rezistansi. Familia imekataa kutoa maiti ya baba yao: rezistansi. Vijana wamerusha mawe kwenye gari: rezistansi. Mama ameuliza swali moja mara mbili: rezistansi. Watu wenye silaha wamechoma kituo cha matibabu usiku: hiyo pia rezistansi.

Miye nimesoma agronomia, si udaktari. Lakini hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwetu anajua kwamba majani ya njano si ugonjwa. Ni alama. Pengine udongo hauna azoti. Pengine maji yamezidi kwenye mizizi. Pengine ni mududu, pengine ni virusi. Mutu mwenye ameandika "majani ya njano" katika raporo yake, kisha akaenda kulala, hajafanya kazi. Neno rezistansi lilikuwa vile. Lilitia huzuni, hasira, swali na uhalifu katika gunia moja, na kisha likalifungia gunia lote mugongoni mwa raia.

Sasa tuangalie mwezi wa 12 mwaka 2018, maana pale mambo yalionekana wazi. Tarehe 26, siku ine tu mbele ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura siku moja na wengine. Upande wa Beni na Butembo, sababu ilikuwa Ebola na usalama mudogo. Wao watangoja mwezi wa 3 mwaka 2019. Watu walifanya hesabu haraka: rais mupya ataapishwa mwezi wa 1. Na kweli aliapishwa tarehe 24/1/2019. Zaidi ya wapiga kura milioni 1 waliachwa inje ya uchaguzi wa rais wa inchi yao.

Jiulize vile mutu wa Beni alisikia. Soko ilikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi, watu wamebanana kwenye viti siku ya Noeli. Taxi-moto zilikuwa zinabeba watu wawili, watatu. Ni mahali pa kupigia kura tu penye Ebola ilikatazwa kuingia. Kesho yake, tarehe 27, waandamanaji walivamia kituo kimoja cha kupokelea wagonjwa katika Beni, na wagonjwa wengine wakakimbia. Habari ilitembea dunia nzima: rezistansi.

Lakini tarehe 30 kulifanyika jambo lingine lenye watu wachache wanalikumbuka. Watu wa Beni walijipangia uchaguzi wao wenyewe. Walitengeneza karatasi za kura, wakapanga mustari murefu, wakapiga kura yenye walijua kama haitahesabiwa mahali popote. Na mbele ya kupiga kura, walinawa mikono juu ya Ebola.

Usome tena ile sentensi. Ni watu wa muji uleule wenye tunasema hawakuamini. Walijua virusi inapitia wapi. Walijua vya kufanya. Kitu chenye walikataa si elimu ya Ebola. Walikataa Leta kuchukua ugonjwa wao na kuufanya ufunguo wa kufungia mulango wa kura.

Mutu anaweza kuniambia: "Ndugu, uko unachagua mufano wenye unakusaidia." Sawa. Tuangalie tarehe basi. Uchunguzi ulifanywa mwezi wa 9. Uchaguzi ulinyimwa mwezi wa 12. Mwezi wa 7 mwaka 2019, Waziri wa Afya Oly Ilunga aliacha kazi kisha Profesa Jean-Jacques Muyembe kupewa kuongoza riposti. Mwezi wa 3 mwaka 2020 tribinali ikamuhukumu waziri yule miaka 5 ya kazi ngumu juu ya kuiba zaidi ya dola 400 000 za makuta ya Ebola, hata kama yeye alikana. Mwezi wa 9 mwaka 2021, tume yenye OMS yenyewe iliweka ilitoa raporo juu ya wanawake wenye walitumikishwa kwa ngono ndani ya riposti: ilipata watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS. Mara nyingi ilikuwa: unataka kazi, unajua cha kufanya.

Mambo haya yote yalikuja kisha watu 961 kujibu maswali. Wale wawili kwa watatu hawakuwa manabii. Walikuwa na uzoefu. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, watu walikuwa wanachinjwa usiku katika Beni na vijiji vyake. Ile miaka yote, mulinzi alifika asubuhi kuhesabu maiti. Halafu mwaka 2018 ugonjwa unaingia, na ndani ya siku chache barabara inajaa magari meupe. Muzee mumoja aliuliza mbele yangu, bila kelele: "Wakati banatukata na mapanga, hii magari ilikuwa wapi?" Hakuna mutu alimujibu. Mwenye kuandika aliandika: rezistansi.

Na mwenye kuandika alikuwa miye.

Mwaka 2019 nilikuwa ningali mwanafunzi. Wakati wa likizo nilipata kazi ya wiki sita katika timu ya uhamasishaji upande wa Butembo. Nilipewa beji, jile, na karatasi ya Kifaransa. Nilikuwa naigeuza katika Kiswahili changu cha Goma mbele ya wazee wenye walikuwa wanaulizana katika Kinande kama nimesema nini. Makuta ya siku moja ilipita yenye mama mukubwa wangu anapata kwa kuuza maharagi wiki mbili. Naandika hii ili mujue nakosoa kutoka wapi.

Mama mukubwa, dada ya mama yangu, anaishi katika kijiji kimoja cha kule. Mugonjwa mumoja alipopatikana karibu na kwake, timu ya chanjo ilikuja. Chanjo ya Ebola wakati ule haikuwa ya kila mutu. Walichanja wenye walikutana na mugonjwa, kisha wenye walikutana na wale, kama duara inazunguka duara. Kwa akili ya kiganga ni muzuri sana, maana dawa ni kidogo na inapelekwa mahali moto iko. Lakini mbele ya nyumba inaonekana hivi: huyu anachanjwa, jirani yake hapana, na hakuna mutu amefasiria kwa nini. Kwa mwenye amenyimwa, ni ubaguzi. Kwa mwenye ameitwa, ni mutego. Jina la mama mukubwa lilikuwa kwenye liste, na alikataa.

Nilienda kumuona na beji yangu shingoni. Aliniangalia, akaangalia beji, akasema: "Baba, weye pia unakuya na karatasi?" Kisha akanionyesha nyuma ya nyumba, mahali palikuwa shamba la ndizi.

Hapa wenye kusoma agronomia watanielewa mbele nimalize. Ule ugonjwa wa bakteria wenye unanyausha migomba ulionekana kwetu katika Masisi mwaka 2001, na tangu pale umetembea Kivu nzima. Majani yanalegea, mukungu unaiva mbele ya wakati wake, ukikata ndizi unakuta ndani imeoza. Miaka mingi shauri letu, sisi watu wa udongo, lilikuwa moja: ukiona shina moja limegonjwa, ng'oa mugomba na watoto wake wote, zika, ngoja miezi, kisha panda machipukizi mapya. Mwaka 2016, agronomo wa mupango mumoja alifika kwa mama mukubwa na shauri lile. Alimuahidi machipukizi makumi mbili ya kurudisha shamba. Mama mukubwa alitii. Aling'oa yote, hata yenye ilikuwa mizima. Agronomo hakurudi. Jirani yake alikataa kung'oa. Alikuwa anakata paka shina lenye limegonjwa, chini kabisa kwenye udongo, na mengine anayaacha. Yule walimuandika kama mulimaji mwenye kichwa kigumu. Mwaka 2019 mwenye kichwa kigumu alikuwa na ndizi, na mwenye kutii alikuwa ananunua kwake.

Kisha kurudi kwenye masomo, njo nilisoma kwamba watafiti walibadilisha shauri. Walikuta bakteria haifikie machipukizi yote ya mugomba, na mulimaji akikata mashina yenye kugonjwa tu, bila kuchoka, akapitisha panga kwenye moto, akaondoa na lile ua lenye kuninginia chini ya mukungu kwa kutumia kijiti chenye panda, ugonjwa unapunguka na chakula kinabaki shambani. Sehemu ya utafiti huo ilifanyiwa hapahapa Kivu. Ni kusema ule ugumu wa kichwa ulikuwa na habari ndani yake. Mulimaji alikuwa anasema: shauri lenu linaniua na njaa mbele ya bakteria kuniua. Ilitubidi miaka mingi kusikia, maana tulikuwa tunaita ile habari ujinga.

Mama mukubwa alichanjwa mwishowe. Si juu ya beji yangu. Infirmiye wa kituo cha afya cha pale alikuja jioni, bila jile, akakaa kwenye kiti kidogo, akafasiria katika Kinande ile mambo ya duara. Ni mama mwenye hakukimbia wakati wengine walikimbia, na mwenye alikuwa anatunza watoto kwa deni. Alisema paka maneno yaleyale yenye yalikuwa kwenye karatasi yangu. Maneno yaleyale, lakini mukopo wake kwa watu ulikuwa umelipwa zamani.

Sitaki mutu asome andiko hili na kufikiri nasifu kila kukataa. Hapana. Tarehe 19/4/2019, katika Butembo, Dokta Richard Mouzoko, muganga wa Kameruni, aliuawa ndani ya hospitali wakati yuko kwenye mukutano wa kazi. Mwezi wa 2 mwaka ule, vituo vya Katwa na Butembo vilikuwa vimeshambuliwa, wagonjwa wangali kwenye vitanda. Kuchoma kitanda cha mugonjwa si kuuliza swali. Na uvumi uliua pia, kimya kimya: kila mutu mwenye alificha mugonjwa nyumbani aliambukiza wenye anapenda zaidi. Ugonjwa ulipotangazwa umekwisha, tarehe 25/6/2020, tulikuwa tumehesabu wagonjwa 3 470 na wafu 2 287. Wenye walitumia uvumi kutafuta kura ao jina wana sehemu yao katika ile hesabu. Lakini muhesabu pia upande mwingine: zaidi ya watu 300 000 walichanjwa. Walitoa mukono, wengine wakiwa na woga. Hao tulisahau kuwapa jina.

Sasa naweza kurudi kwenye uchunguzi wenyewe. Nina lawama moja ndogo, si ya uongo wa hesabu, ni ya upande wa kamera. Uchunguzi kama ule unapima imani ndani ya moyo wa raia, sawa tunavyopima joto la mwili. Lakini imani ina watu wawili. Mwenye kuamini, na mwenye kuaminiwa. Tunajua ni wangapi kwa 100 walikuwa na imani na wakubwa. Hatuna meza ya pili inayoonyesha wakubwa walitimiza ahadi ngapi kwa 100. Ile meza ingekuwa karibu na ya kwanza, hakuna mutu angesema raia wangali nyuma. Na tuwe wa haki: waandishi wenyewe hawakusema hivyo. Waliandika kama riposti inapaswa kujenga imani. Sisi njo tuliwasomea vibaya, kwa sababu ile robo ilitufurahisha. Ilitutenga na raia. Ilituambia: ninyi wenye lisansi, ninyi muko upande wa akili.

Na hapa njo ufa uko. Tunazoea kusema migawanyiko ya Kivu ni ya kabila tu. Katika wiki zangu sita niliona migawanyiko yenye haikuwa ya kabila hata kidogo. Mwenye beji na jirani yake bila kazi, wote wawili walimaliza chuo kimoja. Mwenye kutoka Kinshasa na Lingala yake, na dereva wa Butembo mwenye alikuwa anajua barabara zote lakini hakualikwa kwenye mukutano. Mwenye kuuliza na mwenye kuandika. Leta ikikosa kuaminiwa, watu hawabaki wamekaa bila kuamini kitu. Wanaamini wa kwao, na kila "wa kwao" inazidi kuwa ndogo: kabila, kisha avenyi, kisha nyumba. Na musomi mwenye alipaswa kuwa daraja, amejenga nyumba yake upande mumoja.

Mwaka 2024, wakati mpox yenye ilianzia Kamituga iliingia katika makambi ya Goma, nilisikia sentensi ileile kutoka kwa kijana wa miaka 23, mwenye akili sana, jile yake ingali mupya: "Raia betu bangali nyuma." Nilimuuliza paka kitu kimoja: kabla hujaandika kama wamekataa, uliwauliza mara ya mwisho wenye jile kufika hapa waliahidi nini? Hakukuwa na mustari wa lile swali kwenye karatasi yake. Ule mustari njo naomba. Haugharimu dola hata moja. Siku tutakuwa na raporo zenye kuandika ahadi zisizotimizwa karibu na watu wenye kukataa, tutakuwa tumeanza kufanya uchunguzi wa kweli wa ugonjwa wa imani.

Mwaka jana nilipata makuta kidogo, nikanunua machipukizi mazima sita, nikampelekea mama mukubwa. Aliyaweka chini, akayahesabu polepole, moja moja. Kisha akacheka: "Haya ni sita, baba. Balisema makumi mbili."

Nilimuambia yule hakuwa miye. Akaniuliza: "Hakukuwa agronomo?"

Wenye mulifanya kazi kule wakati ule, mutusahihishe penye nimekosea, na mutuambie ahadi zenye mulisikia na hazikurudi. Miye ningali na deni la kumi na ine.